Onyo la Tatu kwa Mto

Ninayo furaha kuwatangazia wananchi wote, wa mlimani na wa bondeni, mliokwisha kukauka na ambao bado mnaanika magodoro, kwamba serikali haikuchelewa. Maneno yanayosemwa saluni na kwenye foleni za kliniki, eti wakubwa walilala hadi maji yakawafika shingoni, ni maneno ya watu wasiojua utaratibu. Hatukulala. Tulikuwa kwenye kikao. Mtu aliye kikaoni anaweza kufumba macho, lakini kule ni kutafakari, na mimi mwenyewe nimetafakari mara nyingi mpaka nikaamshwa na harufu ya chai.

Nasema haya kwa sababu nilikuwapo. Mimi ni mjumbe wa Kamati ya Tabia ya Nchi, ninayewakilisha akina bibi. Kanuni zilitaka awepo bibi mmoja, na Mkurugenzi akanichagua mimi kwa kuwa naishi karibu na sipendi ugomvi. Kazi yangu ilikuwa kuhudhuria, kutikisa kichwa panapohitajika, na kuwakumbusha wajumbe wavae masweta, maana ofisi yetu ilikuwa na viyoyozi vikali mno. Huko nje watu walikuwa wanaiva kwa joto. Sisi ndani tulikuwa tunapiga chafya.

Basi tuanze mwanzo, msije mkasema Bibi anarukaruka.

Barua ilitoka juu. Ilikuwa fupi: ofisi inayohusika ichukue hatua za haraka kuhusu mabadiliko ya tabia ya nchi. Ikafika masjala, mikononi mwa Katibu wetu, mtu wa makamo mwenye kalamu mbili mfukoni, ambaye sote tunamwita Kwa Mujibu, kwa sababu hawezi kuomba hata sukari bila kuanza na "kwa mujibu wa". Kwa Mujibu akaisoma, akaigeuza, akaisoma tena. Watu wa maji walikuwapo kwenye jengo. Watu wa misitu walikuwapo. Lakini barua haikutaja maji wala misitu. Ilitaja tabia. Na upande wa kushoto wa korido kulikuwa na Idara ya Tabia.

Mpaka siku ile, Idara ya Tabia ilikuwa inashughulika na watu wanaoruka foleni, mafundi wanaosema "kesho" na wanafunzi wasiosalimia wakubwa. Ilikuwa idara ndogo, haina hata kapeti. Mkurugenzi alipoisoma barua alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nchi imebadilika tabia," alisema. "Nilijua tu. Siku hizi nchi haina adabu."

Nani angebisha? Mvua ilikuwa inakuja bila kupiga hodi na kuondoka bila kuaga. Jua lilikuwa likishika zamu halitaki kumwachia mwenzake. Upepo ulibeba bati la mtu ukaliacha kwa mtu mwingine, bila hata samahani. Mjukuu wako akifanya hivyo utasemaje? Utasema huyu mtoto amebadilika tabia. Kwa hiyo tulikubaliana kwa kauli moja kwamba barua imefika mahali pake, na idara ikapewa jengo jipya lenye kapeti, pale chini kwenye ule uwanda wa tambarare ambao watu wa zamani waliuacha wazi kwa sababu ambazo hawakutueleza.

Mkurugenzi, nimtetee kabisa, si mtu mbaya. Kila kikao alinivutia kiti mwenyewe, akaniwekea mto mgongoni, ule mdogo wa maua, akaniuliza, "Bibi, uko sawa hapo?" Wakubwa wangapi mnaowajua wanauliza hivyo? Hata alipokuwa anakosea, alikuwa anakosea kwa heshima.

Sasa, mimi nina binti. Ni fundi cherehani, anaishi bondeni na mtoto wake wa kike, mjukuu wangu, ambaye bado hajaota meno yote ya mbele. Chumba chao kina cherehani upande wa mlango na kitanda upande wa nyuma, kando ya ukuta wa udongo. Kila msimu wa mvua maji yalikuwa yanapanda kidogo kuliko msimu uliopita. Kwanza yaliishia kizingitini, na binti yangu akaweka tofali mlangoni. Halafu yakavuka tofali, akainua cherehani. Halafu yakafika kitandani, akainua kitanda. Ndivyo alivyokuwa akiishi, anainua vitu. Na sisi sote tulizoea. Tulikuwa tukifika kwake tunapanda kitandani kama watu wanaopanda jukwaani, tunakunywa chai huko juu, tunacheka.

Jirani yake, fundi wa kuchomelea vyuma tunayemwita Baba Pacha, ndiye aliyeacha kucheka. Siku moja aliugonga ukuta ule wa nyuma kwa vidole, akasikiliza kama daktari.

"Fundi mwenzangu," alimwambia binti yangu, "ukuta huu unasimama kwa aibu tu. Maji yakirudi mara moja nyingine, unalala. Na mtoto analala hapa hapa."

Dawa walikuwa wanaijua. Mfereji wa mtaa unapita chini ya barabara ya serikali kwenye kalavati, lile bomba kubwa la zege, na kalavati lilikuwa limeziba. Maji yakikosa pa kupita, yanarudi mtaani. Wangelichimba wenyewe, lakini barabara ya serikali haichokonolewi bila kibali. Wakaenda kwa watu wa maji. Watu wa maji wakawaambia kwa upole kwamba mafuriko siku hizi ni mabadiliko ya tabia ya nchi, na hilo lina idara yake. Binti yangu akanijia jioni ile na mtoto wake, akakaa kwenye kigoda changu.

"Mama, si uko kwenye hiyo kamati?"

"Niko, mwanangu."

"Basi wasemeshe. Sitaki mengi. Nataka kalavati lizibuliwe kabla ya mvua kubwa. Ukuta ukiangukia ndani..." Alimwangalia mtoto.

Niliwasemesha. Mkurugenzi aliguswa kweli, niliona macho yake. Aliagiza hatua zianze mara moja, na zikaanza. Tulitengeneza mabango yenye maneno NCHI, TULIA. Tulifuta neno "joto" kwenye barua zote za ofisi, tukaweka "uchangamfu wa hewa". Tulikata miti yote iliyozunguka jengo, kwa kuwa ilikuwa inaangusha majani ovyo mbele ya wageni, na pia magari ya wajumbe yalihitaji pa kukaa. Magari yalipokuwa yanaungua juani, tukanunua jenereta kubwa ili viyoyozi vifanye kazi zaidi na watu wa magari wapoe wakiingia. Jenereta lilikuwa linatoa moshi mweusi. Lakini lilikuwa nje na sisi tulikuwa ndani, kwa hiyo halikuingia kwenye mada.

Halafu akaja binti wa hali ya hewa, yule anayepima mvua kule kituoni. Viatu vyake vilikuwa na tope. Alitusalimia vizuri, mkubwa kwa mdogo, mimi nikaanza kumpenda palepale.

"Wazee wangu, nimekuja kuhusu ile barua," alisema. "Tabianchi ni neno moja."

"Sisi tunayo mawili," alisema Mkurugenzi, kwa upole.

"Ni moja, mzee. Si tabia kwa maana ya adabu. Ni hali ya hewa ya miaka mingi, joto lake, mvua zake. Dunia inazidi kupata joto kwa sababu ya moshi wa mafuta tunayochoma na misitu tunayokata. Joto likizidi, hewa inabeba maji mengi, na ikiyamwaga inayamwaga kwa pamoja. Msimu unaokuja huko bondeni..."

"Subiri kwanza, binti. Unataka kusema tukiyaunganisha haya maneno mawili, suala linahama idara?"

"Suala halihami, mzee. Maji ndiyo yanahama."

Kwa Mujibu alikohoa. "Kwa mujibu wa muundo," alisema, "hayo maneno yakiungana, hii idara haipo."

Mjumbe mmoja alilitazama kapeti kwa huruma. Mkurugenzi akamshukuru sana yule binti, akamwagizia soda, na alipoona jinsi viatu vyake vilivyolowa akamwambia dereva wake ampeleke mpaka mlangoni kwao. Nilisema tangu awali, si mtu mbaya. Binti alipoondoka, tukaunda Kamati Ndogo ya Nafasi Iliyopo Kati ya Tabia na Nchi. Kamati ndogo ilifanya kazi msimu mzima. Ilipendekeza nafasi hiyo ibaki kwa sasa, ila ipunguzwe taratibu, ili wasomaji wasishtuke.

Binti yangu aliniuliza habari za kalavati.

"Wanaliendea," nilimwambia.

"Wanaliendea kutokea wapi, Mama?"

Nikampelekea Mkurugenzi swali hilo, naye akasema twende tukaone kwa macho. Tukaenda bondeni, kamati nzima. Ilikuwa kiangazi kikavu, vumbi mpaka puani. Binti yangu alikuwa anashona sare za shule. Alisimama akatoa kiti chake.

"Karibu, mzee. Kaa. Ukuta huo tu usiuegemee."

Mkurugenzi alikaa wima kama mtu wa picha ya pasipoti. "Haya maji yenyewe yako wapi?"

"Ni kiangazi, mzee. Yatakuja."

"Kwa hiyo kwa sasa hayapo."

"Kwa sasa hata ukuta ninao."

"Andika," Mkurugenzi alimwambia Kwa Mujibu. "Tabia ya maji imeimarika baada ya mabango."

Baba Pacha, aliyekuwa amesimama mlangoni na miwani yake ya kuchomelea kichwani, akaishusha machoni, nadhani ili tusimwone anavyocheka. Binti yangu hakucheka. Alimtazama Mkurugenzi, akaona kifungo cha koti lake kinaning'inia kwa uzi mmoja, akachukua sindano.

"Tulia hapohapo, mzee, nisikuchome." Akakishona akiwa amemwinamia, akaukata uzi kwa meno. "Mzee wangu, tuzibulie kalavati. Basi. Hatuombi kingine."

"Mwanangu, kuzibua ni kazi ya maji. Mimi ni tabia." Alikuwa ameshika kile kifungo. Alikifungua na kukifunga. Niliona anatafuta la kumfanyia, na hakuwa nalo lingine ndani ya mamlaka yake. "Lakini nakuahidi hili. Nitauonya mto."

Tulipotoka, binti yangu alinivuta pembeni. "Mama, huyu mkubwa wenu ni mzima?"

"Mzima, mwanangu. Ana utaratibu tu."

Kanuni za kuonya tulizitunga wenyewe, na ni nzuri. Onyo la kwanza ni la mdomo, la pili ni la maandishi, la tatu ni wito wa kufika mbele ya kamati. Atakayeonywa mara tatu asibadilike, atafanya kazi ya mikono kwa manufaa ya umma, bila kujali cheo. Maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza Mkurugenzi mwenyewe, kwa kuwa yalisikika vizuri.

Onyo la kwanza alilitoa Kwa Mujibu, kwa kipaza sauti, akiwa amesimama ukingoni na suruali kaikunja. Akina mama waliokuwa wanafua waliacha kufua. Mmoja akamuuliza, "Baba, unagombana na nani?" Akajibu, "Kwa mujibu wa kumbukumbu, na huyu." Akaunyooshea mto kalamu. Mto ulipita zake.

Onyo la pili lilikuwa bango la bati, kazi ya Baba Pacha. MTO UNAONYWA, herufi nyekundu. Baba Pacha aliuliza swali la maana.

"Wakubwa, maandishi yaangalie wapi? Maana huyu mnayemwonya anatokea juu."

Tulilijadili hilo asubuhi nzima. Tukaamua yaangalie juu, ili mto usome kabla ya kufika, usije ukadai hakuambiwa.

Onyo la tatu likawa wito. Siku ya shauri ikafika, mvua za mwanzo zikiwa zinanyunyiza. Wajumbe wakaketi, Mkurugenzi akagonga meza. "Mto uletwe!"

Tarishi akatazama huku na huku, akaona mimi nimeegemea kitu, akanijia akanong'ona, "Samahani, Bibi." Akautoa ule mto wa maua mgongoni kwangu, akauweka kwenye kiti cha mshtakiwa.

Ingekuwa rahisi kurekebisha. Lakini Kwa Mujibu alikuwa amekwisha kuandika "Mto umefika", na kumbukumbu za kikao hazifutwi. Kwa hiyo tuliuhoji. Tuliuuliza kwa nini unaingia kwenye nyumba za watu. Ukanyamaza. Tuliuuliza kama unajutia. Ukanyamaza. Mjumbe mmoja alisema unyamavu ule ni kiburi, mwingine akasema ni aibu, na mwenye kutaka kuusamehe akasema mbona unaonekana laini. Mimi nilinyoosha mkono.

"Mkurugenzi, mwanangu," nilisema, "binti yangu na mjukuu wangu wanalala chini ya ule ukuta. Mvua hizo zimeanza. Hatuwezi kuwapa kile kibali cha kuchimba, halafu tukaendelea na mto taratibu?"

Mkurugenzi alinitazama, na naapa alitaka kukubali. Kisha akamtazama Kwa Mujibu, na Kwa Mujibu akayatazama makabrasha.

"Bibi," alisema kwa sauti ya chini, "hukumu tutaitoa kikao kijacho. Vumilia kidogo tu."

Mgongo wangu uliniuma kikao chote kilichobaki, kwa sababu mshtakiwa hakuruhusiwa kuondoka.

Kikao hicho kilipofika, mvua ilikuwa imenyesha mfululizo, mvua nzito, isiyo na matone, kama mtu anamwaga ndoo na ana ndoo nyingine. Nilimwambia binti yangu mtoto asikae mle ndani, apelekwe ghorofani kwa Mama Pacha, mkewe Baba Pacha. Nikaenda ofisini na mwavuli. Watu wanauliza kwa nini nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu ndiyo siku ya hukumu, na niliamini kwamba wakimaliza na mto watageukia kalavati.

Mto ulifika kabla akidi haijatimia. Uliingia chini ya mlango, kwanza kwa adabu, ukalowesha kapeti ukingoni. Kisha ukaingia wote.

"Kwa mujibu wa ratiba," Kwa Mujibu alisema, akinyanyua miguu, "umewahi."

Mkurugenzi alipanda kiti, akaanza kusoma mashtaka. Kwenye shtaka la pili akapanda meza. Jenereta likakohoa huko nje, likanyamaza, na viyoyozi vikafa vyote. Ndipo kwa mara ya kwanza tangu niingie kamati ile nilivua sweta. Wajumbe wengine walipitia dirishani kuelekea kwenye magari yao, wakakuta magari nayo yanaondoka, moja moja, bila dereva. Zamani pale palikuwa na miti. Tukabaki watu watatu: mimi na Kwa Mujibu mezani, na Mkurugenzi juu ya kabati la mafaili, magoti kifuani.

Tukasikia, "Hodi humu!"

"Karibuni," alijibu Mkurugenzi kutoka kabatini.

Walikuwa Baba Pacha na binti yangu, wamesimama juu ya mapipa manne aliyoyachomelea pamoja, wakijisukuma kwa mti mrefu. Waliingilia mlango mkubwa kama wageni waalikwa.

"Mama, umeumia?"

"Sijaumia. Mtoto yuko wapi?"

"Yuko juu kwa Mama Pacha, kalala. Njoo, nishike shingo. Polepole."

Walinitoa mimi, wakamtoa Kwa Mujibu na kalamu zake, halafu wakamgeukia Mkurugenzi. Alikuwa amekumbatia kitu kifuani.

"Mzee, shuka. Na uache huo mto," alisema binti yangu.

"Upi?" aliuliza Mkurugenzi, meno yakigongana. "Huu au huo?"

Tulicheka, tukiwa tumelowa hivyo, mpaka mapipa yakayumba. Hata yeye alicheka. Ndiyo mara ya mwisho tuliyocheka siku ile, kwa sababu tulipofika mtaani ukuta wa nyuma ulikuwa umekwisha kulala. Ulilalia kitanda. Mahali penyewe ambapo mtoto alikuwa anaweka kichwa palikuwa na lundo la udongo. Na cherehani ilikuwa chini ya tope, gurudumu tu linaonekana.

Ukuta ulianguka wakati binti yangu amekuja kututoa sisi. Hakusema hivyo. Hakulaumu mtu. Aliokota kipande cha sare ya shule, akakikamua, akakinyoosha juu ya goti lake kama mtu anayepiga pasi. Mkurugenzi alisimama kwenye maji, amevaa soksi. Nilisubiri aseme kitu cha utaratibu. Badala yake alivua koti lake, akamfunika binti yangu mabegani, koti lenyewe lililolowa, halikuweza kumpasha mtu joto. Lakini alimfunika.

Mkewe Mkurugenzi ni mama wa maneno machache. Aliposikia, alituma watu: huyo fundi cherehani aliyemtoa mume wangu majini aje na mwanawe wakae kwangu mpaka wapate pengine. Wakaenda. Cherehani ikasafishwa, ikawekwa sebuleni kwa Mkurugenzi, ikalia tangu alfajiri. Sare za shule zikatundikwa hata kwenye televisheni.

Mkurugenzi akaandika barua juu, kwa Waziri mwenyewe. Aliomba mashine ya kuzibua kalavati, haraka, kutokana na mabadiliko ya tabia ya nchi. Jibu lilirudi siku chache baadaye, barua ileile, imegongwa muhuri pembeni: *Ipelekwe Idara ya Tabia kwa hatua.*

"Idara ya Tabia ni mimi," alisema Mkurugenzi.

Akaandika ya pili, akapigia mstari neno "haraka". Ikarudi kwake. Akaandika ya tatu, na safari hii aliyaunganisha yale maneno mawili kwa mkono wake, tabianchi, neno moja. Ilirudi upesi kuliko zote, na mtu wa huko juu alikuwa amelitenganisha kwa kalamu nyekundu.

Kwa Mujibu alikaa na barua zile tatu mbele yake. Ni mtu ambaye anaweza kumdanganya mkewe, lakini hawezi kulidanganya faili. Akainuka.

"Mzee, kwa mujibu wa faili, idara imetakiwa kuchukua hatua mara tatu. Haijachukua. Hayo ni maonyo matatu."

Mkurugenzi alimtazama. "Unataka kusema..."

"Kazi ya mikono kwa manufaa ya umma, mzee. Bila kujali cheo."

"Hayo maneno si niliyaandika mimi?"

"Kwa mwandiko mzuri sana."

"Na kibali cha kuchokonoa barabara?"

"Adhabu haiombewi kibali, mzee."

Nilidhani atakasirika. Badala yake uso wake ukafunguka kama wa mtoto aliyeambiwa shule imefungwa. Kumbe muda wote mtu alikuwa anatafuta kanuni ya kumlazimisha kutenda lililo wazi, na kanuni yenyewe alikuwa nayo. Kesho yake alishuka bondeni na koleo la kuchotea tope. Kwa Mujibu akaenda naye, kwa kuwa alijiona mshiriki. Baba Pacha aliwaonyesha pa kuanzia. Mtaa mzima ulitoka. Yule binti wa hali ya hewa naye alikuja, akatuambia mfereji upanuliwe kiasi gani kwa mvua za sasa, si za zamani. Kalavati lilipozibuka lilitapika mifuko, godoro, magogo ya miti yetu, na rundo la mabango ya NCHI, TULIA, yakiwa yameshikana kama zege. Maji ya mtaani yakaanza kuondoka mbele ya macho yetu. Mtu mmoja alipiga vigelegele. Binti yangu alikuwa anaandaa tofali za ukuta mpya, za saruji safari hii, na mkewe Mkurugenzi alikuwa anampokeza moja moja.

Habari zikapanda juu kwamba bondeni kuna ufanisi. Waziri akaja kuuzindua. Alikuja na suti, waandishi wa habari, na mkasi wa kukatia utepe. Mfereji ulikuwa umechimbwa nusu tu. Upande wa juu ulikuwa bado.

"Hongereni!" alisema Waziri. "Huu ndio mfano wa hatua za haraka. Mkurugenzi, utepe uko wapi?"

Mkurugenzi alikuwa mle ndani ya mfereji, tope mpaka magotini. Alijifuta mkono, akamsalimia kwa heshima zote. "Mheshimiwa, zile barua tatu tulizokuandikia zilikufikia?"

"Zilifika. Nilizielekeza panapohusika."

"Zote tatu?"

"Zote tatu," alisema Waziri kwa fahari, mbele ya kamera.

Kwa Mujibu alichomoa kalamu. Alianza, "Kwa mujibu wa..." na mtaa mzima ukamalizia naye, wakubwa kwa wadogo, mpaka kwenye "bila kujali cheo". Waziri alicheka kwanza. Kisha akatazama kamera, akaona haziondoki. Akatazama gari lake, dereva wake alikuwa amekwisha kukunja mikono ya shati na yuko mferejini. Binti yangu akamsogelea, akamvua koti taratibu, akalitundika vizuri kwenye msumari, mahali pasipo na tope, akachukua ule mkasi na kumpa koleo.

Alianza vibaya, masikini. Alikuwa anachotea kiuno.

"Kunja magoti, mwanangu," nilimwambia. "Utaumia. Ndiyo, hivyo. Sasa tupa kule."

Alitupa. Mpaka tunafunga kazi alikuwa amekwisha kuzoea, na malengelenge mawili mkononi. Na kuanzia siku hiyo, napenda kuwatangazia wananchi wote, barua yoyote inayohusu tabianchi hujibiwa na wakubwa siku ileile inapofika mezani, kwa mkono wa mkubwa mwenyewe. Hakuna hata mmoja wao anayetaka kuiona ya pili.